Kufuli la Kinyonga

Mtaani walimwita Mama Swichi, na jina hilo lilikuwa la uongo tangu siku ya kwanza. Lilianza jioni moja ambapo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Alipita njia ya sokoni akiwa na sare yake ya kazi na kikapu cha chakula mkononi, akaingia getini kwenye kituo cha umeme, na kabla hajaketi taa zote za mtaa wa Bondeni zikawaka. Watu waliokuwa barazani wakatazamana. Hawakujua kwamba alimkuta mwenzake wa zamu ameshapokea amri, kidole kiko kwenye kitufe. Walichoona wao ni kwamba mama kaingia na umeme umerudi. Basi ikawa hivyo.

Kituo cha kupoza umeme ni mahali ambapo mgeni hupita bila kupaona. Nimevipita vingi, katika miji mingi, na kila mara jicho huvutwa na kitu kingine, soko au mnara au foleni ya magari. Hiki kilikuwa uwanja wa kokoto ndani ya uzio wa waya, wenye nguzo za chuma, transfoma mbili kubwa kama vyumba, na nyumba fupi ya matofali iliyojaa swichi. Umeme unaingia pale ukiwa na nguvu ya kukuua kabla hujaugusa, unapozwa, unagawanywa kwenye laini, kisha unapelekwa kwa watu. Laini moja ilikwenda kiwandani. Nyingine ilipanda kwenye nyumba za juu, zile zenye mageti na jenereta. Ya tatu ilishuka Bondeni, ambako nyumba zimebanana hadi uzio wa kituo umegeuzwa kamba ya kuanikia nguo. Mlinzi aliwafukuza wenye nguo kila asubuhi. Walizianua huku wakimsalimia na kumuulizia familia, akigeuka tu wakazianika tena.

Watu wa Bondeni walishauzoea mngurumo wa transfoma kiasi cha kutousikia. Walichosikia ni pale uliponyamaza. Watoto wachanga waliamshwa na kimya.

Mume wa Mama Swichi ndiye aliyekuwa opereta wa kwanza wa kituo hicho. Alipofariki kwa maradhi ya figo, wakubwa walimpa mjane kazi ya kufagia. Alifagia chumba cha swichi kwa miaka kadhaa, akaomba kusomea kazi ya marehemu, akafeli, akaomba tena, akafaulu. Tangu hapo alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia mumewe, mbele ya ukuta wa mita na vitaa vidogo, akisubiri simu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa, kusubiri simu. Mbali na pale, katika jengo ambalo hakuwahi kuliona, kulikuwa na watu wa udhibiti. Wao ndio waliosema zima hii, washa ile. Yeye alirudia maneno yao neno kwa neno ili kuhakikisha amesikia, ndipo akabonyeza. Bila sauti hiyo hakuwa na ruhusa ya kuwasha laini yoyote. Alikuwa mkono wa mtu mwingine, na mkono haujiamulii.

Jaribu kumweleza hayo kinyozi. Siku moja kinyozi wa sokoni alikuja getini na mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu, upande wa pili bado msitu.

"Mama Swichi," alisema kinyozi, "mtazame huyu mtu. Ana kikao na wakwe zake."

"Mwanangu, mimi siamui."

"Dakika tatu tu. Nimalize upande huu."

"Nimekwambia siamui."

Kinyozi alimgeukia mteja wake. "Unaona? Wakubwa wote ndivyo wanavyosema."

Wifi yake ndiye aliyelikuza jina hilo. Huyu alikuwa dada wa marehemu, na alirudi kutoka kwenye ndoa yake akiwa na sanduku moja na mdomo wake. Hakuja kukaa, alisema, alikuja kupumzika kidogo. Mapumziko hayo sasa yalikuwa marefu kuliko ile ndoa. Wanawake hao wawili waliishi katika nyumba iliyoachwa na marehemu, wakitaniana asubuhi, wakinuniana mchana, na usiku wakila sahani moja.

Wifi alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku la mbao lenye kioo mbele, lililonunuliwa kwa mtu aliyehama mji. Wengine mtaani walishajaribu mashine za namna hiyo wakaziacha, kwa sababu umeme ukikatika siku mbaya, mayai yote yanakwisha. Yeye alikuwa na jibu lao. Aliwaambia wanawake wa Bondeni, "Leteni mayai yenu kwangu. Kwangu yanalala kwa mwenye swichi."

Wakaleta. Kila mmoja alileta mayai ya kuku wake, yamefungwa kwenye khanga au yamewekwa kwenye bakuli la unga, na wifi akayapanga kwenye trei kwa heshima kama mtu anayelaza wagonjwa.

"Usiwaambie hivyo," Mama Swichi alimwambia. "Unajua kabisa sina uwezo huo."

"Mimi najua. Lakini kwa nini unataka na wao wajue?"

"Kwa sababu ndiyo kweli."

"Kweli haitotoleshi vifaranga, wifi. Kula."

Mara mbili mashine ilitotolesha vizuri, kwa bahati tu. Umeme ulikatika, lakini si kwa muda mrefu, na kila uliporudi wifi alisimama mlangoni amejishika kiuno kana kwamba amepiga simu. Awamu ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Trei zilijaa. Hata wanawake waliokuwa wakimcheka walikuja na mayai, wakiangalia chini.

Asubuhi ambayo vifaranga walianza kudonoa maganda, kikombe cha nguzo moja kule Bondeni, kile cha kauri kinachoshikilia waya, kilikuwa kimepasuka, na mafundi wa laini wakaja kukibadilisha.

Hapa lazima nieleze habari ya makufuli. Kabla fundi hajapanda nguzo, anakuja kwanza kituoni. Laini inazimwa, kisha yeye mwenyewe anatundika kufuli lake kwenye mkono wa swichi, ili pasiwe na namna ya kuiwasha. Kila fundi ana kufuli lake, kila kufuli lina rangi yake, na ufunguo ni mmoja tu, anauvaa shingoni. Akimaliza kazi anarudi na kulitoa kwa mkono wake. Haliondolewi na rafiki yake wala na bosi wake. Kufuli likiwepo, maana yake yuko juu na ameshika waya.

Kuna njia moja tu ya kulikata: mwenye kufuli awe ameonekana akiwa chini, na awepo mtu wa kusimama na kusema nimemwona kwa macho yangu. Zamani, katika kituo kingine, kuna aliyekata kufuli la mwenzake kwa sababu alidhani ameshashuka. Aliyekuwa juu hatajwi jina. Watu wa kazi hiyo husema tu "yule", na mazungumzo huishia hapo.

Asubuhi hiyo makufuli yalikuwa matatu: jekundu la foromani, la njano la fundi kijana, na la kijani la Kinyonga. Kinyonga aliitwa hivyo kwa upandaji wake. Alishika nguzo, akasita, akaitikisa, akaitazama upya, ndipo akainua mguu. Wenzake walimcheka, lakini katika wote ndiye pekee aliyekuwa hajawahi kuanguka.

Kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Foromani na fundi kijana walirudi na lori, wakatoa makufuli yao. La kijani likabaki peke yake.

"Kinyonga yuko wapi?" aliuliza Mama Swichi.

"Hajafika? Alikuwa nguzo ya mwisho. Alisema anakuja kwa miguu."

"Alisema, au unadhani alisema?"

Foromani alijikuna shingo. "Alipunga mkono. Mimi nikajua anakuja."

Walimpigia simu. Haikupatikana. Foromani alirudi na lori, akaifuata laini yote hadi mwisho, akarudi.

"Sijamwona juu ya nguzo yoyote," alisema.

"Umemwona chini?"

"Sijamwona popote. Na nguzo nyingine ziko nyuma ya nyumba, katikati ya miti, siwezi kukuapia."

Simu ya udhibiti ililia. Ile sauti aliyoizoea ilisema, "Kituo, laini ya Bondeni iko tayari?"

"Kazi imekwisha. Kuna kufuli moja."

"Mwenyewe nani kamwona?"

"Hakuna."

"Basi tunasubiri, Kituo."

"Tunasubiri," alirudia Mama Swichi, kama alivyofundishwa.

Kinyonga alikuwa wapi? Alikuwa kwake, amelala, mkewe na watoto wamesafiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekesha juu ya nguzo katika mtaa mwingine, na nguzo ya mwisho ya Bondeni ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye chumba alichohamia karibuni, ambacho wenzake walikuwa hawajakijua. Alishuka, akaona mlango wake, akasema ngoja ninywe maji. Aliketi kitandani kunywa maji. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji, akaichomeka ukutani kama kila siku, akasahau kwamba umeme alikuwa ameufunga yeye mwenyewe kwa kufuli lake. Akalala na ufunguo shingoni.

Mlinzi alitumwa na baiskeli kumtafuta. Alizunguka Bondeni nzima akiulizia Kinyonga, na kila mtu akamwambia hawana mtu wa jina hilo, labda aulize wanaofuga wanyama. Mtaani kwake fundi huyo aliitwa Baba Mapacha. Mlinzi alipita mbele ya mlango wake mara mbili.

Simu ya Mama Swichi mwenyewe ilikuwa ikitetemeka mezani tangu saa za mchana. Wifi. Wifi tena. Hakuipokea. Kisha ikaacha kutetemeka, na hiyo ilimtisha zaidi, maana wifi akinyamaza ujue yuko njiani.

Alikuja hadi kwenye uzio, katikati ya nguo za watu. Nyuma yake walikuwa wanawake wa mayai, wamejifunga khanga kiunoni.

"Wifi," aliita.

"Nimekuona."

"Mimi unaniona, simu yangu huioni?"

"Niko kazini."

"Kazi gani, na umeme haupo?"

Mwanamke mmoja alicheka kwa pua. Mama Swichi alitoka kwenye kivuli cha nyumba, akatembea juu ya kokoto hadi kwenye waya.

"Wanalia," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Nimeweka sikio. Wameshatoboa maganda na wanalia mle ndani, halafu mashine inapoa."

"Umefunika?"

"Nimefunika kwa mablanketi yote, na lako. Nimezungusha chupa za maji ya moto. Kila nikibadilisha hii, ile imeshapoa."

"Endelea kubadilisha."

"Sikuja kufundishwa maji ya moto. Washa."

"Kuna kufuli."

"Lifungue."

"Si langu. Ni la fundi."

"Fundi yuko wapi?"

"Hatujui."

Wifi alilitafuna jibu hilo. "Kwa hiyo mtu asiyejulikana aliko ndiye aliyetuzimia mtaa mzima."

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa unalitazama kufuli lake."

"Ndiyo."

"Kaka yangu aliniambia kuna mkasi. Mkubwa, wa kukatia vyuma. Uko ukutani, nyuma ya mlango."

Mama Swichi aliugeukia mlango wa chumba cha swichi. Alisikia wanawake wakisogea karibu.

"Upo," alisema.

"Na mikono unayo?"

"Wifi, kama yuko juu?"

"Na kama hayuko?"

Walitazamana kupitia matundu ya waya, watu wawili waliokula sahani moja jana yake. Kisha wifi akageuka, na wanawake wakampisha njia kama wanavyompisha mfiwa. Aliyebaki nyuma, mmoja wao, alimwambia Mama Swichi bila hasira yoyote, "Kumbe unao mkasi."

Alirudi ndani. Aliutoa mkasi pale ukutani, akaupeleka hadi kwenye swichi, akauweka mdomo wake juu ya chuma cha kufuli la kijani ili tu aone kama linaenea. Lilienea. Aliponisimulia hakutaka nimpambe. Alisema hakumfikiria "yule" wala sheria wala mke wa Kinyonga. Mkasi ulikuwa mzito, basi. Kama ungekuwa mwepesi, alisema, hajui. Aliurudisha, akaketi, akasikiliza. Transfoma ilikuwa inanguruma kama kawaida, kwa ajili ya kiwanda na nyumba za juu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Kinyonga alipoamshwa na joto. Feni haikuzunguka. Alitoka nje akisonya, akamuuliza jirani, "Hawa watu wamekata tena?" Jirani akamweleza, kwa maneno ambayo hayaandikiki, kwamba kuna fundi mpumbavu ameondoka na ufunguo. Kinyonga alitaka kuongeza tusi lake. Akashika shingo.

Alifika kwa pikipiki, alama za mto bado ziko shavuni. Mama Swichi alimtazama kwa muda mrefu. Alitaka kumpiga kofi, na wakati huo huo alitaka kumshika tu aone kama ana joto.

"Uko hai," alisema.

"Niko hai, mama. Nisamehe."

"Fungua."

Alifungua, kwa mara ya kwanza bila kusita. Mama Swichi akapiga simu.

"Mwenye kufuli nani kamwona?" iliuliza sauti.

"Mimi. Amesimama mbele yangu, ananuka usingizi."

Sauti ile, ambayo haikuwahi kusema neno la ziada, ilicheka. Kisha ikasema, "Washa laini ya Bondeni."

"Nawasha laini ya Bondeni," alisema, akabonyeza, na kelele za furaha zikapanda kutoka chini, kama zinavyopanda kila siku umeme ukirudi. Hakuweza kuzisikiliza.

Nyumbani alimkuta wifi ameketi sakafuni mbele ya mashine, trei zimetolewa. Alikuwa akiyavunja mayai moja moja juu ya beseni, kwa kidole gumba, taratibu, akimtoa aliyemo na kumlaza pembeni kwenye gazeti. Wengi walikuwa wamekamilika kabisa, na manyoya yao, midomo bado imeelekezwa kwenye tundu walilotoboa. Waliosalimika walikuwa wachache, wamejikusanya kwenye boksi chini ya balbu.

Mama Swichi alivua viatu, akaketi upande wa pili wa beseni, akachukua yai. Walifanya kazi hiyo pamoja.

"Wenyewe wameshakuja?" aliuliza hatimaye.

"Wamekuja, wameona, wameondoka."

"Umewaambia nini?"

Wifi alifuta kidole kwenye khanga. "Nimewaambia tuligombana."

"Tuligombana lini?"

"Jana. Kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Nimewaambia ukakasirika, ukanikomoa."

Mama Swichi aliliweka yai chini. "Wifi. Umewaambia nimeua vifaranga wao kwa sababu ya chumvi?"

"Ningewaambia nini? Kwamba huwezi?" Sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nikiwaambia huwezi, mimi nimekwisha. Nani ataleta yai kwa mtu ambaye umeme wake ni kama wa kwao? Lakini kama ulikasirika, hasira zinaisha. Watasubiri tupatane. Na mkasi wameusikia kwa masikio yao, hata ningewaambia kweli wasingeikubali."

"Na mimi nipite wapi mtaani?"

"Wewe una sare. Mimi nina hili sanduku."

Balbu iliyumba kidogo, vifaranga wakalia, wote wawili wakainua macho kuitazama hadi ilipotulia.

"Lakini wewe unajua," alisema Mama Swichi.

"Mimi najua."

Hakupata zaidi ya hapo, na hakuomba. Alilichukua yai lake tena.

Kesho yake alipita njia ya sokoni kwenda zamu. Wanawake waliokuwa wakifua walinyamaza alipokaribia, wakaendelea alipopita. Kinyozi aliinama kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Karibu na uzio wa kituo bibi mmoja aliyeleta mayai ya kuku wake wawili, mwanamke wa umri wa mama yake mzazi, aliacha kuanika nguo, akamsogelea.

"Shikamoo, Mama Swichi," alisema.

Mama Swichi alisimama. Alilisubiri neno la kujibu shikamoo ya mtu ambaye yeye ndiye aliyepaswa kumwamkia, likakosekana.

"Patana na wifi yako, mama," bibi aliendelea, macho chini. "Tunakuomba. Mambo ya chumvi yanaisha."

Alitaka kumweleza habari ya kufuli, na simu, na ile sauti ya mbali. Maneno yote alikuwa nayo. Aliutazama uso wa bibi, akaona kwamba angeyasema na bibi angeitikia kila moja, kwa heshima, mpaka mwisho, na asingeamini hata moja.

"Tutapatana," alisema.

Bibi akamshukuru, akaziondoa nguo zake kwenye uzio haraka haraka ili Mama Swichi apite.